Kidole kimoja hakivunji chawa: Ulaya ndani ya magereza ya siri ya CIA

Tarehe 5 Desemba 2002 ndege ndogo ya kifahari ilitua Szymany, kiwanja kilichokuwa kinaelekea kusahaulika kaskazini-mashariki mwa Poland, kwenye eneo la misitu na maziwa. Ilitoka Bangkok ikapitia Dubai. Makaratasi ya safari yake yalitaja mji mwingine kabisa. Katika miezi iliyofuata zilikuja nyingine, kadhaa kati yake zikiwa zimeandikiwa Warsaw, nazo zikatua hapo hapo Szymany. Wafanyakazi wa kiwanja waliamriwa wabaki ndani ya jengo. Ndege ilisimama mwisho kabisa wa njia ya kurukia, magari yenye vioo vya giza yakaisogelea, kisha yakaondoka kuelekea Stare Kiejkuty, kambi ya mafunzo ya majasusi wa Poland iliyo kilomita kama 20 kutoka hapo.

Katika ndege ile ya kwanza walikuwamo wafungwa wawili. Mmoja ni Abu Zubaydah, Mpalestina mzaliwa wa Saudia aliyekamatwa Pakistan. Mwingine ni Abd al-Rahim al-Nashiri, Msaudi anayetuhumiwa kupanga shambulio la mwaka 2000 dhidi ya meli ya kivita ya Marekani, USS Cole, katika bandari ya Aden. Wote walikuwa mikononi mwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Wakati huo hakuna mahakama popote duniani iliyojua waliko.

Sasa tuhesabu mikono. Mwongozaji wa ndege wa Poland alitakiwa kuipokea ndege ambayo karatasi yake inasema uongo. Askari wa mpakani alitakiwa asipande kukagua pasipoti. Msimamizi wa kiwanja alitakiwa asiulize. Mkuu wa kambi alitakiwa kukabidhi funguo za nyumba moja ndani ya uzio wake. Juu yao alikuwapo mtu, au watu, walioitikia kule Warsaw. Hakuna hata mmoja katika hawa aliyempiga mtu. Ndiyo maana mjadala wa Ulaya juu ya jambo hili umekwenda zigizaga miaka zaidi ya 20: kila mkono ukiukamata, unakwambia mimi nilifungua lango tu.

Turudi nyuma kidogo, tuone kwa nini Marekani ilihitaji malango ya wenzake. Siku 6 baada ya mashambulio ya Septemba 11, Rais George W. Bush alisaini waraka wa siri ulioiruhusu CIA kukamata na kuwaweka watu kizuizini. CIA ni shirika la majasusi, haikuwa na magereza. Kuwaweka watu hao ndani ya Marekani kungewapa mawakili na majaji. Basi zikatafutwa nchi za kuazima vyumba. Ya kwanza ilikuwa Thailand, ambako mnamo Agosti 2002 Abu Zubaydah alilazwa chali, akafunikwa uso kwa kitambaa na kumwagiwa maji mpaka ahisi anazama, mara 83. Habari za pale zilipoanza kuvuja, wakahamishiwa Poland. Baadaye zikaja Romania na Lithuania.

Uhamishaji wenyewe una jina refu katika lugha ya wanasheria. Kwa maneno yetu ni utekaji unaovuka mipaka: mtu anachukuliwa katika nchi moja bila hati ya mahakama, anapelekwa nchi ya pili ahojiwe kwa mateso na wenyeji au na CIA yenyewe. Haukuanzia kwa Bush. Marekani ilikuwa ikifanya hivyo tangu miaka ya 1990 chini ya Bill Clinton, na mahali pa Ulaya palipotumika mapema ni Tirana, mji mkuu wa Albania. Huko, katikati ya mwaka 1998, Wamisri wa kundi la Jihadi walikamatwa kwa msaada wa majasusi wa Albania wakapelekwa Cairo, walikoteswa. Mwanzoni mwa Agosti mwaka huo kundi hilo lilitoa tishio la kulipiza kisasi katika gazeti la Kiarabu la al-Hayat. Siku chache baadaye, tarehe 7 Agosti, yakalipuka mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam yaliyoua watu 224. Sisemi jambo la kwanza lilizaa la pili, maana mabomu yale yalikuwa yamepangwa kitambo. Nasema tu kwamba sisi wa pwani hii tulikuwa ndani ya hesabu hiyo kabla wengi wetu hawajalisikia hata jina la al-Qaeda.

Kwa nini Ulaya ikakubali? Tarehe 4 Oktoba 2001 nchi wanachama wa NATO zilikubaliana kuipa Marekani misaada kadhaa, mmojawapo ukiwa ruhusa ya jumla ya ndege za kijeshi kupita anga lao na kutumia viwanja vyao. Seneta wa Uswisi Dick Marty, aliyechunguza jambo hili kwa niaba ya Baraza la Ulaya na kutoa ripoti mwaka 2006 na 2007, aliuona mkutano ule kuwa ndio mlango mkubwa ambamo mengine yote yalipita. (Baraza la Ulaya si Umoja wa Ulaya. Ni chombo kikongwe zaidi, makao yake Strasbourg, na ndicho chenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo tutaihitaji mbele.)

Nchi za mashariki zilikuwa na sababu yao ya ziada. Poland iliingia NATO mwaka 1999. Romania na Lithuania zilikubaliwa mwaka 2004. Kwa nchi zilizoishi chini ya kivuli cha Moscow nusu karne, mlinzi wa kweli alikuwa Washington, na mlinzi akibisha hodi usiku humwulizi amebeba nini. Pesa nazo zilikuwapo. Ripoti ya Kamati ya Ujasusi ya Seneti ya Marekani, iliyotolewa kwa muhtasari Desemba 2014, inaeleza habari za nchi moja ambayo jina lake limefutwa kwa wino, lakini kwa tarehe zake kila msomaji anaitambua kuwa ni Poland. Nchi hiyo iliomba makubaliano yaandikwe, nani atafanya nini. CIA ikakataa kuandika. Baadaye wenyeji wakasita kupokea wafungwa zaidi. Balozi wa Marekani akaingilia kati, yakatolewa mamilioni ya dola, na ule ugumu ukalegea. Siku moja baada ya ripoti kutoka, Aleksander Kwaśniewski, aliyekuwa rais wa Poland wakati ule, alikiri hadharani kwamba aliiruhusu CIA kuwa na mahali pake nchini, ila akasema hakujua kwamba watu wanateswa humo.

Hilo la kutojua litazamwe vizuri, kwa sababu ndilo utetezi wa kila serikali katika kisa hiki. Ukimkodisha mtu chumba, akakataa kuandikishana, akakulipa kwa mamilioni, akakutaka ufukuze watumishi wote uani kila anapoleta mgeni, hujui anachofanya ndani. Ni kweli hujui. Umelipwa usijue.

Kesi iliyofunua mashine hii vizuri kuliko zote ni ya mtu ambaye hakuwa gaidi hata kidogo. Khaled El-Masri alikuwa raia wa Ujerumani mwenye asili ya Lebanoni. Tarehe 31 Desemba 2003 alipanda basi kwenda Skopje, mji mkuu wa Masedonia, kwa mapumziko. Mpakani wakaona jina lake linafanana na la mtu anayetafutwa. Polisi wa Masedonia wakamfungia siku 23 katika chumba cha hoteli, Skopski Merak, mapazia yamefungwa, bunduki mlangoni, wakimhoji kwa Kiingereza ambacho hakukijua vizuri. Tarehe 23 Januari 2004 wakampeleka uwanja wa ndege na kumkabidhi kwa watu waliofunika nyuso. Alipigwa, nguo zikakatwa mwilini kwa mkasi, akaingizwa kitu sehemu ya haja kubwa, akavishwa nepi, akafungwa minyororo na kupewa sindano za usingizi. Alipozinduka yuko Afghanistan.

CIA haikuchukua muda mrefu kugundua kwamba imekosea mtu. Alikaa humo miezi minne hata hivyo. Tarehe 28 Mei 2004 alirushwa hadi Albania na kutelekezwa usiku barabarani. Alipofika nyumbani Ujerumani alikuta mke na watoto wamekwisha rudi Lebanoni, wakidhani amewatoroka.

Masedonia ilikuwa na simulizi yake iliyonyooka: mtalii aliingia, akahojiwa kidogo, akalala hotelini, akatoka kwa miguu yake kupitia mpaka wa Kosovo. Simulizi hiyo ilisimama miaka mingi. Wanasayansi wa Ujerumani walipima nywele za El-Masri na kukuta dalili za mtu aliyeishi Asia ya Kusini na kukosa chakula kwa muda mrefu, sawasawa na alivyoeleza. Mwaka 2010 aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Masedonia wakati ule, Hari Kostov, alitoa kiapo cha maandishi kwamba mtu huyo alikamatwa na kukabidhiwa kwa ombi la CIA.

Na Ujerumani yenyewe, nchi ya raia huyu? Balozi wa Marekani alimnong'oneza waziri wa mambo ya ndani, Otto Schily, mwishoni mwa Mei 2004 kwamba wamemkamata mtu wenu kwa makosa, tafadhali mambo yaishie hapa. Schily akanyamaza. Januari 2007 mahakama ya Munich ilitoa hati za kuwakamata watu 13 waliodaiwa kuwa wa CIA, lakini serikali ya Berlin haikuwa tayari kuipelekea Marekani ombi rasmi la kuwakabidhi. Mahakama za Marekani nazo zilimfungia El-Masri mlango kwa neno moja, siri ya dola, na Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ya huko ikakataa hata kumsikiliza. Ninapoisoma kesi hii kinachonikaa kooni ni ule mnong'ono wa balozi zaidi ya kipigo cha Skopje. Mateso yana ukatili wake unaoonekana. Mnong'ono ule ulikuwa wa adabu, kati ya watu wawili waliovaa suti, na ulitosha kumfanya mtu asiaminiwe katika nchi yake mwenyewe.

Uswidi, nchi ambayo dunia nzima huitaja kwa haki za binadamu, iliingia mapema zaidi. Tarehe 18 Desemba 2001 Wamisri wawili walioomba hifadhi, Ahmed Agiza na Muhammad al-Zery, walichukuliwa hadi uwanja wa Bromma, Stockholm. Polisi wa Uswidi walisimama pembeni wakiangalia Wamarekani waliofunika nyuso wakiwavua, wakiwafunga na kuwapakia kwenye ndege ya Cairo. Serikali ilijitetea kwamba Misri ilitoa ahadi ya kutowatesa. Ahadi ya namna hiyo ni kichekesho cha kidiplomasia: unaiomba kwa sababu unajua wanatesa, halafu unaitumia kama ushahidi kwamba hawatatesa. Kamati ya Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso iliamua mwaka 2005 kwamba Uswidi ilivunja mkataba. Mwaka 2008 kila mmoja alilipwa kroni milioni 3.

Italia ni kisa cha peke yake, na kina vichekesho. Hassan Mustafa Osama Nasr, imamu Mmisri aliyejulikana kama Abu Omar, alikuwa akitembea kwenda msikitini Milan mchana wa tarehe 17 Februari 2003. Askari wa Kiitaliano akamsimamisha na kumwomba vitambulisho. Akasukumwa ndani ya gari, akapelekwa kambi ya anga ya Aviano, akarushwa Ramstein huko Ujerumani, kisha Cairo. Polisi wa Milan walikuwa wakimchunguza imamu huyo kwa miezi, wakitega masikio kwenye mtandao mzima wa wenzake. Utekaji ule uliwaharibia kazi, na Marekani ikawaambia kwamba huenda amekwenda nchi za Balkani.

Mwendesha mashtaka Armando Spataro hakuridhika. Timu yake ilitafuta simu zote zilizokuwa hewani karibu na mtaa ule saa ile, ikakuta kundi la namba zinazoongea zenyewe kwa zenyewe. Namba zikawapeleka kwenye hoteli za bei mbaya, hoteli zikatoa nakala za pasipoti na kadi za benki. Majasusi wa dola kubwa kuliko zote walikuwa wameacha nyayo kama ng'ombe kwenye tope. Mnamo Novemba 2009 Wamarekani 23 walihukumiwa bila wenyewe kuwapo, na baadaye hesabu ikafika 26. Hakuna hata mmoja aliyetumikia kifungo hicho gerezani Italia. Waziri baada ya waziri, wa kulia na wa kushoto, walikaa juu ya maombi ya kutaka wakabidhiwe. Marais wawili wakatoa misamaha. Na Nicolò Pollari, mkuu wa ujasusi wa kijeshi wa Italia, aliyehukumiwa miaka 10, hukumu yake ilifutwa mwaka 2014 kwa sababu Mahakama ya Katiba iliona jambo lile limefunikwa na siri ya dola. Mahakama ile ya Strasbourg iliposikiliza shauri hilo mwaka 2016 ilishangaa: siri gani, na habari zote zimekwisha andikwa magazetini?

Uingereza haikuwa na gereza la CIA katika ardhi yake. Mchango wake ulikuwa maswali. Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, basi twende taratibu. Ukimtumia mtesaji orodha ya maswali, hujamgusa mfungwa. Lakini mfungwa anayesikia swali juu ya mtaa wake wa London anajua limetoka wapi, na mtesaji anajua ana mteja anayesubiri jibu. Kamati ya Bunge la Uingereza ya Ujasusi na Usalama, katika ripoti ya Juni 2018, ilihesabu matukio 232 ambapo majasusi wa Uingereza waliendelea kuwapa wenzao wa nje maswali au taarifa baada ya kujua au kushuku kwamba mfungwa anatendewa vibaya. Ilikuta mengine 198 ambapo walipokea taarifa kutoka kwa wafungwa wa namna hiyo, na 28 ambapo walipendekeza, walipanga au waliafiki utekaji uliopendekezwa na wengine. Mara tatu walitoa au waliahidi pesa. Kwetu mpokea mali ya wizi hushtakiwa pamoja na mwizi. Uingereza hakuna jasusi hata mmoja aliyeshtakiwa.

Ushahidi wa wazi kabisa uliletwa na mvua ya risasi ya Libya. Muammar Gaddafi alipoanguka mwaka 2011, watafiti wa haki za binadamu waliingia katika ofisi iliyoachwa ya mkuu wake wa ujasusi, Moussa Koussa, wakakuta majalada. Humo mlikuwa na barua ya Machi 2004 kutoka kwa Mark Allen, ofisa wa juu wa MI6, shirika la ujasusi wa nje la Uingereza, akimpongeza Koussa kwa kufika salama kwa Abdel Hakim Belhaj, mpinzani wa Gaddafi, na kumkumbusha kwamba taarifa za kumnasa zilikuwa za Kiingereza. Mtu mwenyewe alimwita mzigo wa ndege. Belhaj alikuwa amekamatwa akisafiri kupitia Bangkok pamoja na mkewe Mmoroko, Fatima Boudchar, ambaye alikuwa na mimba ya miezi kama minne na nusu. Mke huyo alifungwa kwa utepe wa kunata kutoka kichwani hadi miguuni juu ya machela kwa safari yote ya kwenda Tripoli. Barua iliandikwa siku chache tu kabla ya Tony Blair, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati ule, kumtembelea Gaddafi hemani na kupeana mikono mbele ya kamera.

Tarehe 10 Mei 2018 barua ya Waziri Mkuu Theresa May ya kuwaomba radhi wote wawili ilisomwa bungeni, Boudchar akiwa amekaa juu jukwaani na mwanawe, yule aliyekuwa tumboni. Mama alipewa fidia ya pauni 500,000. Belhaj hakutaka pesa, alitaka neno. Nadhani huo ndio wakati pekee katika kisa kizima ambapo serikali kubwa ya Ulaya ilitamka kosa lake kwa sauti, na bado ilitanguliwa na miaka sita ya kupigana mahakamani ili kesi isisikilizwe.

Haya yote yalianza kuonekana vipi? Wapenda ndege. Watu wazima wenye darubini na madaftari wanaosimama kwenye uzio wa viwanja vya ndege kuandika namba za mkiani, kwa raha zao tu. Namba za ndege za CIA, kama N379P, zilikuwa kwenye madaftari yao kutoka Scotland hadi Mallorca. Waandishi wakazilinganisha na kumbukumbu za anga. Novemba 2005 gazeti la Washington Post likaandika kuwapo kwa magereza ya siri Ulaya Mashariki, bila kutaja nchi kwa ombi la maofisa wa Marekani; siku chache baadaye shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch likazitaja Poland na Romania. Bunge la Ulaya likahesabu safari zisizopungua 1,245 za ndege za CIA kupita au kutua Ulaya kati ya mwishoni mwa 2001 na mwishoni mwa 2005. Namba hiyo hupenda kutumiwa vibaya: si kila safari ilibeba mfungwa, nyingi zilibeba watu, vifaa, au zilirudi tupu.

Serikali zilikana kwa mpangilio. Condoleezza Rice, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati ule, akiwa njiani kuja Ulaya Desemba 2005, alisema jambo ambalo wengi hawakulisikia vizuri: kwamba Marekani imeheshimu mamlaka ya nchi nyingine. Kwa Kiswahili cha barazani, kama tuliingia kwako, wewe ndiye uliyetufungulia. Ilikuwa onyo kwa marafiki wasipige kelele nyingi.

Kilichofanywa na Strasbourg ni kuikusanya ile mikono iliyotawanyika na kuihesabu kuwa ya mwili mmoja. Kanuni yake ni rahisi kueleza. Nchi iliyosaini Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu inawajibika kwa kila mtu aliye katika ardhi yake, hata kama anayemtesa ni mgeni, iwapo nchi hiyo iliridhia au ilifumba macho. Tena inawajibika kwa kinachompata mtu baada ya kumtoa, kama ilijua au ilipaswa kujua anakopelekwa. Na lililo zito zaidi: mlalamikaji akionyesha dalili za kutosha, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa serikali, kwa kuwa ndiyo yenye majalada. Ikikaa kimya, ukimya unahesabiwa dhidi yake.

Kwa kanuni hiyo Masedonia ilihukumiwa Desemba 2012 na kuamriwa kumlipa El-Masri euro 60,000. Mwaka 2018 ikamwomba radhi. Poland ilikataa kuipa mahakama nyaraka, ikahukumiwa Julai 2014. Mei 2018 ikawa zamu ya Romania na ya Lithuania, ambayo gereza lake lilikuwa shule ya zamani ya kufundishia kupanda farasi huko Antaviliai, nje kidogo ya Vilnius. Januari 2024 Lithuania ikahukumiwa tena kwa ajili ya mfungwa mwingine.

Angalia nani amelipa. Masedonia, Poland, Romania, Lithuania, na Italia kidogo. Wakubwa walimaliza mambo kwa mapatano nje ya mahakama, kama Uingereza ilivyofanya Novemba 2010 kwa watu 16 waliopitia Guantanamo, gereza la kijeshi la Marekani kisiwani Cuba, au kwa kutosogeza makaratasi, kama Ujerumani. Marekani yenyewe haimo katika mkataba, wala haijashtaki mtu kwa mateso ya magereza yale. Ofisa wa zamani wa CIA aliyefungwa kwa jambo linalogusa habari hizi ni John Kiriakou, na kosa lake lilikuwa kutoa jina la mwenzake kwa mwandishi.

Na mashine haijazimwa, imebadilisha sura tu. Ndege zisizo na rubani zinazopiga Yemen na kwingineko huongozwa na watu walioketi Marekani, lakini kwa sababu dunia ni duara mawasiliano yao hupita kwanza kambi ya Ramstein, Ujerumani, ndipo yarushwe kwenye setilaiti. Agosti 2012 shambulio la namna hiyo katika kijiji cha Khashamir liliua watu akiwamo imamu aliyekuwa akihubiri dhidi ya al-Qaeda. Ndugu zake waliishtaki Ujerumani. Mahakama ya Münster ikawapa ushindi wa sehemu mwaka 2019, ya juu yake ikautengua mwaka 2020, na Julai 2025 Mahakama ya Katiba ikakataa rufaa yao, ingawa ilikiri kwamba Ujerumani inaweza kuwa na wajibu wa kuwalinda hata watu walio nje ya mipaka yake. Lango, tena.

Mwafrika Mashariki anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Linganisha Skopje na Dar es Salaam. Tarehe 26 Desemba 2003, siku tano kabla El-Masri hajashushwa kwenye basi, Mohammed al-Asad, Myemeni aliyeishi Tanzania tangu miaka ya 1980, alichukuliwa nyumbani kwake Dar na kusafirishwa. Maelezo ya serikali ya Tanzania yaliyowasilishwa mahakamani yalionyesha kwamba alipelekwa Djibouti. Huko, alisema, alikabidhiwa kwa Wamarekani, akaishia Afghanistan. Aliishtaki Djibouti katika Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul. Mwaka 2014 tume ilikataa kulipokea shauri lake kwa hoja kwamba hakuthibitisha vya kutosha kuwa alikuwa Djibouti. Mtu aliyefungwa macho na kupakiwa kwenye ndege anatakiwa athibitishe alitua wapi. Strasbourg swali hilo iliiuliza serikali. Banjul ilimwuliza mfungwa.

Hukumu za Strasbourg nazo zina ukomo wake. Poland ilipoendelea na uchunguzi wa mwendesha mashtaka wake, mawakili wa Abu Zubaydah walitaka wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu za mateso watoe ushahidi juu ya yaliyotokea Stare Kiejkuty. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Marekani iliwakatalia: kama gereza lilikuwa Poland au halikuwa, hiyo ni siri ya dola. Rais wa zamani alikwisha kiri, mahakama ya Ulaya ilikwisha hukumu, fidia ilikwisha lipwa.

Abu Zubaydah yuko Guantanamo, hajawahi kushtakiwa kwa kosa lolote. Al-Nashiri anakabiliwa na mashtaka yanayoweza kumpa hukumu ya kifo mbele ya tume ya kijeshi pale pale kisiwani. Kwa kuwa Poland na Romania ndizo zilizomwachia aondolewe kuelekea hatari hiyo, mahakama iliziagiza ziiombe Marekani ahadi kwamba hatauawa. Zikaandika barua. Ahadi haikutolewa.